Tangu Saa Ngapi Hadi Saa Ngapi? Tuwafundishe Watoto Wetu Kuhesabu Muda

Akina mama wenzetu, leo tunaanza na habari inayotuhusu sisi wenyewe, wala si ya kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja kijana alimleta mtoto wake wa miaka 2 kwenye zahanati tuliyokuwa tukifanya kazi. Mtoto alikuwa na homa, na mguuni alikuwa na kidonda kilichotunga usaha. Akaandikiwa dawa ya maji, nasi tukamweleza mama yake pale kwenye dirisha la dawa: "Mpe kijiko kimoja kila saa nane." Mama akaitikia, akashukuru, akaenda zake. Foleni ilikuwa ndefu, nasi tukamwita mwingine.

Siku ya tatu alirudi. Homa ilikuwa bado, na kidonda kilikuwa vilevile. Tulimuuliza kwa ukali kidogo kama kweli alimpa mtoto dawa. Akajibu kwa upole, "Sista, nimempa kama mlivyoniambia. Saa nane mchana na saa nane usiku. Usiku binti yangu ndiye aliyeniamsha."

Mama yule alikuwa ameamka usiku wa manane, siku mbili mfululizo, ili atii agizo letu. Dawa iliyopaswa kutolewa mara 3 kwa siku akaitoa mara 2. Kosa halikuwa lake. Sisi tulikuwa tunataja muda wa saa nane, yeye akasikia saa nane ya kwenye saa. Kwa Kiswahili maneno ni yaleyale. Huko mitaani watu hujaribu kutofautisha kwa kusema "masaa manane", ingawa walimu wa Kiswahili hawalipendi neno hilo.

Tunamshukuru Mungu mtoto alipona. Lakini jambo moja lilitukaa moyoni. Binti yule aliyemwamsha mama yake alikuwa darasa la nne, naye ndiye aliyekuwa msomaji wa saa katika nyumba ile. Tulipomuonyesha saa ya ukutani aliisoma bila kubabaika. Tulipomuuliza, "Ukimpa mdogo wako dawa saa mbili asubuhi, zikipita saa nane itakuwa saa ngapi?" alinyamaza, akaanza kuhesabu vidole, akachanganyikiwa.

Hapo tuliona kwamba kusoma saa ni somo moja, na kuhesabu muda ni somo jingine. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayetumwa kutazama saa wakati mama ana mikono ya unga. Basi tumfundishe yote mawili.

Mahali ambapo watoto hukosea

Kila Jumamosi mchana tunajitolea kukaa na watoto wa Shule ya Jumapili kanisani kwetu, na mara nyingi huja na kazi zao za hisabati. Tumeona kwamba katika kuhesabu muda makosa yao ni karibu yaleyale matatu.

Kosa la kwanza ni kuhesabu saa kama fedha. Mathalani, maharage yamewekwa motoni saa 4:20 asubuhi, yameiva saa 6:05 mchana. Yamechukua muda gani? Mtoto huandika 6:05 kutoa 4:20. Dakika 5 hazitoshi kutoa 20, kwa hiyo hukopa. Kwa mazoea ya kukopa kwenye shilingi, hukopa 100 badala ya 60, akapata saa 1 na dakika 85! Hajui kwamba saa haigawanyiki kwa 100. Kugawa kwa 60 ni urithi tulioachiwa na watu wa Babeli ya kale, nao hauendi sawa na hesabu ya fedha.

Kosa la pili ni kuhesabu alama badala ya nafasi. Mtoto akiulizwa amelala muda gani tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, huanza: "Tatu, nne, tano..." huku akikunja kidole kwa kila saa anayoitaja, akapata 10. Jibu ni 9, kwa sababu pale kwenye saa 3 hakuna muda uliokwisha pita.

Kosa la tatu hutokea muda unapovuka saa 12. Mkutano wa akina mama umeanza saa 10 jioni ukaisha saa 2 usiku. Mtoto anaona 10 na 2, anatoa, anapata 8. Akina mama wakae kikaoni saa nane! Kumbe ni saa 4 tu.

Makosa haya hayatokani na uzito wa akili. Muda hauonekani wala haushikiki, na mtoto hujifunza haraka kile anachoweza kukishika kwa mikono yake.

Mkanda uliotokana na bendeji

Siku ile ya binti yule tulichukua bendeji kuukuu iliyofuliwa, tukaikunjua mezani, tukaichora alama za saa kwa kalamu. Tukamwambia aweke kidole kwenye saa mbili asubuhi, kisha aruke nafasi nane. Akaangukia saa kumi jioni. Akaruka nane tena: saa sita usiku. Akaruka nane mara ya tatu, akajikuta amerudi saa mbili asubuhi. Akamtazama mama yake akasema, "Kumbe ni mara tatu!" Hatukuwa na haja ya kuongeza neno.

Tangu hapo tumeshona mikanda mizuri zaidi, na kila mama anaweza kushona wake kwa jioni moja. Mahitaji ni haya:

- Kipande cha kitambaa cheupe, kama cha shuka kuukuu, na kipande cha kaniki au kitambaa chochote cheusi. Kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 10 na urefu wa zaidi kidogo ya mita 1 na nusu.
- Futi ya fundi cherehani.
- Makapeni kwa ajili ya upande mweupe, na uzi mweupe au chaki kwa ajili ya upande mweusi.
- Vibanio vya nguo visivyopungua vinne, kimoja kiwe cha rangi tofauti.
- Kifungo kimoja kikubwa.

Shona kwanza vipande viwili viungane kichwa kwa kichwa. Mshono huo ndio saa 12 jioni, mahali mchana unapokutana na usiku. Kutoka hapo pima kwenda kushoto kwenye kitambaa cheupe, ukiweka alama kubwa kila sentimita 12, mpaka zitimie nafasi 12. Utakuwa umefika saa 12 asubuhi. Rudi kwenye mshono, pima vivyo hivyo kwenda kulia kwenye kitambaa cheusi, nafasi 12 za usiku, mpaka saa 12 asubuhi ya siku ya pili. Mkanda wote utakuwa na nafasi 24, yaani sentimita 288. Andika saa kwenye kila alama: 12, 1, 2, 3, na kuendelea.

Kwa nini sentimita 12? Kwa sababu kila sentimita 1 itakuwa dakika 5. Sentimita 3 ni robo saa, sentimita 6 ni nusu saa, na sentimita 12 ni dakika 60 kamili. Weka vialama vidogo kila sentimita. Mwishoni tia kifungo upande mmoja na tundu upande wa pili, mahali ambapo alama mbili za saa 12 asubuhi zitalaliana. Ukifunga, mkanda unakuwa duara, na mtoto ataona kwamba usiku ukiisha kunakucha na hesabu inaendelea.

Tuanze na mambo ya nyumbani

Usianze na dakika. Tandika mkanda sakafuni au uufunge kwenye kamba ya nguo, kisha mwambie mtoto abane kibanio mahali anapoamka, anapokwenda shule, anapokula na anapolala. Mwache ajadiliane na ndugu zake. Katika hatua hii anajifunza kwamba siku ina mpangilio, na kwamba upande mweusi ni mrefu sawa na ule mweupe. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, ndiyo maana wazee wetu waliweza kuanza kuhesabu saa moja baada ya jua kuchomoza.

Akishazoea, mpe maswali ya saa kamili. Kibanio chenye rangi tofauti kiwe cha mwanzo, kingine kiwe cha mwisho. Mwambie atembeze kidole na kuruka nafasi hadi nafasi, akihesabu miruko. Mkazie neno hili: alama hutuambia *saa ngapi*, nafasi hutuambia *muda gani*. Akisema kwamba amelala saa 10 tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, usimkaripie. Mrudishe kwenye mkanda aruke tena, atajisahihisha mwenyewe. Lile swali la mkutano wa akina mama nalo litakuwa rahisi. Kidole kitatoka saa 10 kwenye nyeupe, kitavuka mshono, kitafika saa 2 kwenye nyeusi, miruko minne.

Baada ya wiki moja au mbili ingiza nusu saa, kisha robo, halafu dakika. Hapa mfundishe miruko ya aina tatu. Turudie maharage yetu ya saa 4:20 hadi saa 6:05.

Mruko wa kwanza ni mdogo, wa kufika kwenye saa kamili iliyo mbele. Kutoka 4:20 hadi saa 5 kamili ni vialama 8, yaani dakika 40.

Mruko wa pili ni wa saa nzima. Kutoka saa 5 hadi saa 6 ni saa 1.

Mruko wa tatu ni wa kumalizia. Kutoka saa 6 hadi 6:05 ni kialama 1, dakika 5.

Jumlisha: saa 1 na dakika 45. Hakuna kukopa wala kukosea 60 na 100. Mtoto akifanya hivi mara nyingi, siku moja utamwona ametupa mkanda pembeni anachora mstari kwenye daftari na kuruka kwa penseli. Baadaye hata mstari hatauhitaji, ataurukia kichwani. Wala si lazima kuacha njia ya kutoa aliyofundishwa na mwalimu wake. Aitumie, kisha ahakikishe jibu kwa mkanda.

Saa ya simu na saa yetu

Siku hizi simu iko katika nyumba nyingi, nayo huandika 14:00 pale ambapo sisi tunasema saa 8 mchana. Tiketi za basi nazo mara nyingi huandikwa kwa mtindo huo. Geuza mkanda wako upande wa nyuma, uandike saa za simu zikilingana na zile za mbele: nyuma ya saa 12 asubuhi andika 06:00, nyuma ya saa 1 andika 07:00, nyuma ya saa 12 jioni 18:00, na nyuma ya saa 6 usiku 00:00. Tofauti ni saa 6 popote utakapotazama.

Kisha mpe mtoto swali. Basi limeondoka 06:45, likafika 14:10. Ahesabu kwa upande wa nyuma: dakika 15, kisha saa 7, kisha dakika 10. Jumla ni saa 7 na dakika 25. Sasa ageuze mbele ahesabu safari ileile, saa 12:45 asubuhi hadi saa 8:10 mchana. Atapata jibu lilelile. Watoto wetu wengi hushangaa hapa. Majina ya saa yamebadilika, lakini safari haikurefuka wala kufupika.

Mtoto anapougua

Sisi wauguzi huuliza sana, "Tangu saa ngapi?" Homa imeanza saa ngapi, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, degedege imedumu muda gani. Mtoto aliyepatwa na degedege apelekwe hospitali mara moja. Hata hivyo, mtu aliyetazama saa humsaidia daktari sana, maana degedege inayozidi dakika 5 ni hatari zaidi. Kwenye mkanda wetu hiyo ni sentimita 1 tu.

Hebu tazama pia dawa ya mseto ya malaria. Dozi ya kwanza ikishatolewa, ya pili hufuata baada ya muda wa saa nane, kisha dawa hutolewa asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata. Zote ni dozi 6. Ikiwa mtoto alimeza ya kwanza saa 9 alasiri, ya pili itakuwa saa 5 usiku. Mama aliyechoka anaweza kusema, "Nitampa asubuhi," na hapo ndipo tatizo huanza. Tumekuwa tukiwashauri akina mama wakate uzi wa sentimita 96, ambao ndio muda wa saa nane kwenye mkanda. Ukiulaza kuanzia saa ya dozi ya kwanza, mwisho wake unakuonyesha saa ya dozi ya pili. Kama mtoto akitapika dawa au dozi ikisahaulika, usikadirie mwenyewe, muulize mhudumu wa afya.

Maji ya ORS nayo yana muda wake. Yakishachanganywa yatumike ndani ya saa 24, na yakibaki yamwagwe, uchanganye mengine. Bana kibanio saa uliyochanganya. Mkanda ukizunguka mpaka kwenye kibanio hicho, muda umekwisha.

Tusisitize jambo moja. Kazi ya mtoto ni kuhesabu na kukumbusha. Mkono wa kupima na kutoa dawa uwe wa mtu mzima, na dawa zikae mahali ambapo watoto hawafiki.

Wafanyakazi wa shamba la mizabibu

Siku moja tuliupeleka mkanda kwenye Shule ya Jumapili, tukasoma mfano wa Bwana Yesu ulio katika Mathayo sura ya 20. Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo hatukuhitaji kubadilisha kitu. Wapo walioajiriwa alfajiri, wengine saa tatu, wengine saa sita, wengine saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Jioni wote walilipwa dinari moja moja.

Tuliwaambia watoto wabane kibanio kwa kila kundi, kisha wahesabu kila kundi lilifanya kazi muda gani hadi saa 12 jioni. Wakapata saa 12, saa 9, saa 6, saa 3 na saa 1. Mvulana mmoja akapima kwa rula: sentimita 144 kwa wale wa kwanza, sentimita 12 kwa wale wa mwisho. Akasema kwa hasira, "Hii si haki!" Darasa zima likaanza kubishana. Tuliwaacha wabishane, kwa maana hivyo ndivyo walivyonung'unika wale wa kwanza. Baadaye tuliwauliza nani kati yao angependa kuwa katika kundi la saa kumi na moja, mchana kutwa sokoni bila mtu wa kumwajiri, huku nyumbani watoto wanangoja chakula. Kelele zikapungua. Tulikuwa tumefundisha mfano ule mara nyingi, lakini hatujawahi kuona watoto wakiushika namna ile.

Turekebishe na maneno yetu

Tunamalizia pale tulipoanzia. Mama msomaji, ukipewa dawa usione haya kuuliza, "Sista, ni saa nane ya mchana, au ni kila ukipita muda wa saa nane?" Kisha taja saa zenyewe mbele yake: "Basi nitampa saa mbili asubuhi, saa kumi jioni na saa sita usiku." Kama umekosea, utasahihishwa palepale. Nasi wauguzi tumejifunza. Siku hizi hatumwachi mama aondoke dirishani kabla hatujataja saa pamoja naye na kuziandika juu ya chupa, hata kama foleni imefika nje ya mlango.

Nyumbani nako tuzoee kusema muda kwa usahihi. Badala ya kumwambia mtoto, "Rudi haraka," mwambie, "Sasa ni saa 9:40, nakupa dakika 35, utakuwa umerudi saa ngapi?" Mwache ajibu kabla hajatoka mlangoni. Akisema saa 10:15, mpe kikapu aende sokoni.

Mungu awabariki katika malezi.